Kigoma ikipigwa na janga leo itasimama? Maswali yenu na majibu

Toka niseme hapa kwamba Kigoma-Ujiji inatakiwa ijipime yenyewe, mtaa kwa mtaa, kama inaweza kustahimili majanga ya ghafla na haya matatizo sugu tuliyoyazoea, maswali yamekuja mengi sana. Nimechukua yanayojirudia, mengine yanafanana nimeyaunganisha.

Niko Mwanga. Kamati ya maafa ipo, zimamoto wapo, sasa huku kuupima mji ni kitu gani kipya?

Kamati ya maafa watu wanaiona tukio likishatokea, na ni kazi muhimu, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati hizo na zinatakiwa zifanye kazi hata kabla ya tukio. Ila kuupima mji kunaanza mbali zaidi, unauliza huu mji unategemea nini kuishi, kila kinachotegemewa kikikatika nani anaumia wa kwanza, na je kuna njia ya pili au hakuna. Halafu unaweka mezani mambo ya aina mbili kwa pamoja. Kuna ya ghafla, mvua kubwa ya usiku mmoja, tetemeko, moto sokoni, kipindupindu, boti kuzama. Na kuna yanayotutafuna taratibu, samaki kupungua, miti kuisha vilimani, mitaro kujaa taka, vijana kukaa bila kazi, watu kujenga bondeni kwa sababu kiwanja cha huko ndo wanachokimudu. Ukiyapima kila moja kivyake unakosea, maana lile la taratibu ndo linaamua la ghafla litaumiza kiasi gani. Mvua ni ileile, ikinyesha penye mtaro ulio wazi watu wanalala, ikinyesha penye mtaro uliozibwa watu wanabeba magodoro kichwani saa nane usiku na watoto mgongoni.

Ziwa kupanda ni janga la ghafla au ni tatizo la muda mrefu? Sisi wa Kibirizi tumeambiwa tusubiri litashuka lenyewe.

Hili naomba nilijibu kwa urefu, kwa sababu nadhani ndo swali kubwa la mji wetu.

Ziwa Tanganyika linapokea maji kutoka kila upande, Malagarasi, Ruzizi inayotoka Kivu, Luiche yetu hapa, na vijito visivyohesabika, lakini mto unaotoa maji ni mmoja tu, Lukuga, upande wa pili kule Kalemie Kongo. Maji mengi ya ziwa hili yanaondoka kwa jua, yanavukizwa. Kwa hiyo misimu ya mvua nyingi ikifuatana ziwa linapanda, na likishapanda halishuki wiki ijayo wala mwezi ujao. Ndo maana 2020 na 2021 maji yalipanda, na 2024 yakapanda tena, wenzetu wa Bujumbura kule Gatumba wakahama kwa maelfu. Wazee watakukumbusha mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960, ziwa lilipanda hivihivi mpaka 1964.

Sasa nenda Ujiji pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley. Mwaka 1871 walipokutana ziwa lilikuwa karibu na pale. Leo ukisimama kwenye hiyo kumbukumbu maji huyaoni miguuni pako, unatembea kwanza mpaka ufike ufukweni. Kilichotokea ni kwamba enzi zile Lukuga ilikuwa imezibwa na matope na majani, ziwa likajaa, mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi kikaachia na ziwa likashuka mita kadhaa. Maana yake sehemu ya ardhi ambayo tumekuja kujenga na kuuza viwanja ni ardhi ambayo ziwa lilishaikalia, na linaweza kuirudia.

Kwa hiyo jibu ni yote mawili. Kupanda ni kwa taratibu, unaliona mwezi hadi mwezi, lakini siku upepo unapovuma na mawimbi yakapiga juu ya maji yaliyokwisha panda, ukuta unaondoka kwa usiku mmoja. Na wanaoumia wa kwanza sio wenye nyumba kubwa. Angalia akina mama wanaoanika dagaa mchangani, maji yakila mita kumi za ufukwe wao wamepoteza sehemu ya kazi, wanabanana, dagaa wanaanikwa mnene bila kugeuzwa vizuri, mvua ikiwakuta wanaoza, na hakuna atakayeandika hiyo kwenye taarifa ya maafa kwa sababu hakuna nyumba iliyoanguka. Vichanja vya kuanikia vilivyoinuliwa juu, vikiwekwa mbali kidogo na maji, ni kitu kidogo sana kwa bajeti ya halmashauri ila kwa hao akina mama ni kikubwa mno.

Kusubiri lishuke lenyewe mimi sikubaliani nako. Litashuka ndiyo, halafu watu watarudi kujenga palepale, halafu litapanda. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, sasa ukingo upi? Ule wa mwaka wa ukame au wa 2024? Hilo halmashauri ilitamke wazi, iweke alama za zege ardhini kila mtu azione, na anayeambiwa ahame aonyeshwe pa kwenda kabla ya kuambiwa. Mvuvi ukimpeleka mbali na mwalo, pale boti zinapotia, atarudi tu, ndo maisha yake yalipo.

Kuna fomu maalumu ya kupima mji? Mtaalamu mmoja alituambia lazima mshauri kutoka nje.

Fomu zipo. Shirika la Umoja wa Mataifa la kupunguza hatari za maafa lina orodha yake yenye mambo kumi ya msingi, mji unajipa alama wenyewe kuanzia uongozi na fedha mpaka namna ya kujenga upya baada ya janga. Taasisi ya Rockefeller na kampuni ya Arup nao walitengeneza kipimo chao, malengo 12 na viashiria 52, kinaangalia afya na maisha ya watu, uchumi na jamii, miundombinu na mazingira, halafu uongozi. Ni vizuri, vinasaidia usisahau kitu. Lakini hakuna mahali pameandikwa lazima mshauri wa nje, na mshauri akija siku tatu akalala hotelini akaongea na wakuu wa idara tu, ataandika kwamba mitaro ipo, kwa sababu kwenye makaratasi ipo kweli.

Dar es Salaam walianza 2015 kazi ya Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi walipita mtaa kwa mtaa na simu kuchora mitaro, njia na sehemu maji yanapofika. Hiyo Kigoma tunaweza, vijana wenye simu tunao.

Mnasema mji unategemeana, naomba mfano wa hapahapa tuelewe.

Mfano ni umeme. Kwa miaka mingi Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli, dizeli yenyewe inatoka mbali, reli ikikatika au barabara ikiharibika mafuta yanachelewa na mji unaingia giza. Sasa gridi ya Taifa imefika, ni hatua kubwa na sitaki mtu aidharau, lakini tumetoka kutegemea dizeli tumeingia kutegemea waya mrefu sana unaopita maporini. Huo ukianguka nguzo mbili tatu?

Fuata mnyororo. Maji ya bomba ya mji yanasukumwa kutoka ziwani kwa pampu, pampu inataka umeme. Umeme ukikosekana siku mbili matenki yanakauka, watu wanarudi ziwani na ndoo, palepale vyoo vya kando ya maji vinapomwagia mvua ikinyesha. Wiki inayofuata una kipindupindu, na zahanati nayo haina maji ya kunawa. Kwenye barafu hivyohivyo, samaki kama sangala na mgebuka hawasafiri bila barafu, mfanyabiashara anauza kwa bei ya hasara jioni hiyohiyo, mkopo wa kikundi haulipwi. Tatizo moja la waya limefika mpaka kwenye kikoba.

Ukiupima mji hivi unajua pa kuanzia. Jenereta la pampu za maji na la hospitali ndo la kwanza kuwekewa akiba ya mafuta na kuwashwa mara kwa mara kuhakikisha linafanya kazi, sio la ofisi. Na mradi wa maporomoko ya Malagarasi, zile megawati 49.5, ukikamilika Kigoma itakuwa na chanzo cha karibu, hiyo ndo njia ya pili niliyokuwa nasema.

Reli ni habari hiyohiyo. Ilifika hapa 1914 na mpaka leo mvua ikikata tuta kule Kilosa, huku bei ya saruji na sukari inatikisika. Barabara za lami za kwenda Nyakanazi na Tabora kwa sababu hiyo ni zaidi ya urahisi wa kusafiri.

Tetemeko je? Naona kila mtu anaongelea mafuriko.

Tuko juu ya Bonde la Ufa la Magharibi, hatuna namna. Tarehe 5 Desemba 2005 lilipiga la ukubwa wa 6.8 ziwani upande wa Kalemie, na huku tulitikisika. Halitabiriki, cha kupima ni majengo. Anza na shule na zahanati, angalia kama kuna lenta, ule mkanda wa zege, inayozunguka kuta zote, nondo zimefungwa, bati limeshikwa. Kwa nyumba yako, usiruke lenta ili ununue vigae.

Wakimbizi wakija wengi kwa mara moja, hilo nalo linahesabika?

Linahesabika kabisa na sisi tuna somo letu wenyewe. Mei 2015 maelfu ya Warundi walivuka wakakusanyika Kagunga, kijiji kidogo kimebanwa kati ya mlima na ziwa, njia ya kutoka ikiwa ni maji. Kipindupindu kikalipuka, wakafa watu zaidi ya 30, Watanzania wakiwemo. Meli ya Liemba, iliyounganishwa hapahapa Kigoma wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndo iliyowabeba, wakashukia mjini, wakapumzishwa uwanja wa Lake Tanganyika, wakapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mji ulijitahidi kwa kweli. Lakini hesabu vyoo vya ule uwanja leo, na maji yake, na ujiulize wakija tena usiku wa leo. Majirani zetu ni Burundi na Kongo, hili litajirudia na tunatakiwa tuwapokee tukiwa tumejipanga.

Ziwa lilifungwa kuvua miezi mitatu, tukaumia. Huo ndo ustahimilivu?

Kufungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne za ziwa, lengo lake ni samaki wazaliane, na samaki wamepungua kweli. Ukiacha uvuvi uliozidi, ziwa limepata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, chakula cha dagaa kinabaki chini. Naunga mkono kupumzisha ziwa. Ninachokililia ni kwamba ilijulikana mapema, na bado familia nyingi ziliingia miezi hiyo bila mkopo nafuu wala kazi mbadala. Kitu chenye tarehe kikija bila maandalizi, mji umefeli kipimo chepesi kuliko vyote.

Mimi mpangaji tu Katubuka, bondeni. Naanzia wapi?

Maji yakiingia, chora mstari ukutani yalipofika, andika tarehe, piga picha. Majirani kumi wakifanya hivyo mna ramani ya mafuriko ambayo mtaalamu hana. Namba ya zimamoto 114 iwe kwenye simu. Vyeti na kadi za kliniki weka kwenye mfuko wa plastiki, juu. Muulize mwenyekiti wa mtaa ni jengo gani mtakimbilia na nani atamsaidia yule bibi asiyetembea, jina kwa jina. Mvua zetu zinaanza Novemba zinaisha karibu na Mei, kwa hiyo mitaro izibuliwe Septemba na Oktoba. Na hizo picha zenu zipelekeni kwa mtendaji wa kata na diwani mapema, mwaka wa fedha unaanza Julai lakini hela zinagawanywa miezi mingi kabla ya hapo.