Kutu Nayo Ina Kwao

Jumamosi iliyopita vijana wawili walifika sebuleni kwangu wakiwa wamebeba kasha la viatu kwa uangalifu wa watu waliobeba mayai. Ndani yake mlikuwa na mabehewa matatu ya mizigo ya modeli waliyoyaunda wenyewe kutoka mwanzo kwa kipimo cha 1 kwa 60, na kazi yao ya kisu ilikuwa safi kiasi cha kunitia wivu: kona zimekaa, milango inateleza, riveti zimepangwa mstari mmoja. Kisha nikaitazama rangi. Yote matatu yalikuwa yamepakwa kutu ya rangi ya chungwa kuanzia paa hadi ekseli, na kila ncha ilikuwa na bafa mbili za pembeni, vile visukumio vya duara vya kupokea kishindo, kana kwamba treni ilitoka Nairobi ikielekea Manchester. Nilimeza mate, nikaomba chai iletwe, kisha nikaamua kwamba afadhali niandike mara moja kuliko kurudia maneno yaleyale kwa kila kasha la viatu litakaloingia mlangoni mwangu.

Maneno haya ni ya wale ambao tayari wana kisu, rula ya chuma na subira kidogo. Sitaeleza praima ni nini.

1. Ijueni reli mnayoiundia. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ni ya geji ya mita, yaani milimita 1,000 kutoka reli hadi reli. Ile mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 ina milimita 1,435. Ukigawanya 1,000 kwa 60 unapata 16.7, na ndiyo sababu wengi wetu tunatumia njia ya milimita 16.5, ambayo ni rahisi kupatikana kwa kuwa ndiyo ya modeli za kawaida za Ulaya. Mtego wenyewe uko hapohapo. Mtu akishanunua njia na magurudumu ya Ulaya, mkono wake huendelea kuchukua na vingine, hadi anajikuta amebandika bafa mbili za pembeni kwenye behewa ambalo maisha yake yote lilivutwa na kusukumwa kwa kiungo kimoja cha katikati. Niliwahi kumwuliza kijana mmoja kwa nini aliziweka, akanijibu kwamba bila bafa behewa lilionekana uchi.

Nendeni Makumbusho ya Reli ya Nairobi, ambayo yamekuwa karibu na stesheni tangu mwaka 1971, mkazitazame ncha hizo kwa macho yenu. Kila mgeni hukimbilia Mount Gelai, garimoshi kubwa la mvuke la aina ya Garratt, daraja la 59, lililoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock, nami simlaumu, kwa kuwa garimoshi lile linastahili kuitwa kwa jina la mlima. Lakini mwunda mabehewa anayerudi nyumbani na picha 40 za garimoshi na picha moja ya behewa, tena imekatwa magurudumu, amelipa kiingilio bure. Chukueni umbo na vipimo huko. Msichukue uchafu, kwa sababu rangi ya kwenye makumbusho imepakwa na watunzaji na haijatembea hata kilomita moja.

2. Wahudumu wa saiba huubana mchoro utoshee karatasi bila kukuuliza, kwa hiyo chora mstari wa milimita 100 pembeni mwa mchoro wako na uupime kwa rula kabla hujalipa.

3. Msingoje vifaa vya ng'ambo. Kadi za plastiki zilizokwisha muda wake hufaa kwa ubavu wa behewa la chuma, ingawa zinataka supagluu kwa kuwa gundi ya modeli haizishiki. Waya wa shaba wa ndani ya nyaya za umeme hutoa mishikio mizuri. Vijiti vya aiskrimu hutoa mbao za sakafu. Mbao halisi iliyopigwa na jua miaka mingi haibaki kahawia bali huwa ya kijivu, na rangi hiyo huipati kwa brashi kama unavyoipata kwa kukipaka kijiti chai ya rangi iliyokolea, kukiacha kikauke, kisha kukipitishia siki ambayo nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zimelala ndani yake siku kadhaa. Chupa hiyo iandikwe jina na ifichwe. Yangu ilikaa jikoni bila jina, na shemeji yangu alikuwa ameishainua juu ya sahani ya chipsi nilipoingia. Tangu siku hiyo yeye huuliza kwanza kila anapokaribishwa chakula kwangu, hata akiandaliwa maziwa.

4. Behewa jepesi huanguka kwenye kila kona, basi mwombeni fundi wa matairi vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu mvibandike chini kabisa, na bogi moja iachwe huru kuyumba pande zote huku ya pili ikizunguka tu bila kuyumba. Nikisema bogi nakusudia fremu ya magurudumu, si behewa zima kama wanavyosema abiria.

5. Sasa tuje kwenye kutu, na hapa niwaombe radhi mapema, kwa sababu sitaweza kulizungumzia jambo hili bila kujianika.

Mwaka 2013 niliunda mabehewa 12 ya kufunikwa. Yalinichukua miezi tisa ya jioni, baada ya kazi, huku watu wa nyumbani wakila bila mimi. Yalipofikia hatua ya kuchakazwa, yaani kupakwa yaonekane yametumika, nilikuwa nimetazama video nyingi za mafundi wa Marekani, nikajiona nimehitimu. Nikachanganya rangi ya chungwa na kahawia katika kifuniko kimoja cha chupa, nikayapanga yote 12 mezani kama askari wa gwaride, na katika usiku mmoja, kwa brashi moja na mkono uleule, nikayapaka kutu. Nilishusha michirizi kutoka juu hadi chini kila baada ya milimita tano. Nilipaka kutu kwenye milango, kwenye magurudumu, na hata kwenye sakafu za mbao. Saa nane usiku niliyatazama nikajisifu kwa sauti.

Wiki iliyofuata nilimwalika mzee mmoja aliyestaafu kutoka karakana ya mabehewa, ambaye alikuwa ameyakagua mabehewa ya kweli kwa miaka mingi kuliko umri wangu wa wakati huo. Nilitaka anisifu, sikutaka anifundishe. Alivaa miwani, akachukua behewa la kwanza, na bila kutazama ubavu nilioutolea jasho akaligeuza chini juu. Akanyamaza. Akachukua la pili, akaligeuza. Alipofika la nne aliiweka miwani mezani akaniuliza kwa upole mkubwa, "Mwanangu, treni hii ilizama?"

Nilicheka nikidhani ni mzaha. Akaweka ukucha wake juu ya mchirizi mmoja na kusema, "Hapa kutu imetoka wapi?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa mchirizi ule ulianzia katikati ya bati, mahali pasipo na riveti, wala maungio, wala mkwaruzo ambao maji yangeweza kuingilia. Akahamia wa pili, swali lilelile. Wa tatu, swali lilelile. Kisha akayagusa magurudumu. "Gurudumu linalotembea hujisugua kwenye reli kutwa nzima," alisema, "uso wake hung'aa kama sarafu. Ukiliona limeshika kutu usoni, jua behewa hilo limesimama." Akauliza mafuta ya kwenye makasha ya ekseli yalikuwa yamekwenda wapi. Akauliza kama mbao nazo siku hizi zinaota kutu. Mwisho aliyatazama yote 12 kwa pamoja, na hilo ndilo neno lililoniuma kuliko yote: "Haya yote yalizaliwa siku moja, yakaugua siku moja, ugonjwa mmoja?"

Baada ya hapo alinieleza, na chai ikapoa. Alisema chini ya behewa la zamani uchafu mwingi hutoka kwenye breki: vibao vya chuma hulisaga gurudumu na kusagika vyenyewe, unga ule hurukia fremu na sehemu ya chini ya ubavu, kisha unyevu huugeuza kahawia, kwa hiyo rangi hiyo hukolea chini na kufifia kadiri unavyopanda. Makasha ya ekseli yenye bering za mafuta huvuja, yakawa meusi yenye mng'ao na kunasa vumbi juu yake. Mlango huacha alama pale unapoteleza, na mshikio wake hung'aa pale mikono ya wapakiaji inapougusa. Paa huchoka kabla ya ubavu, kwa sababu jua na mvua huanzia huko. Ubavuni hukuta maandishi ya chaki ya watu wa yadi, yamefutwa nusu na kuandikwa upya. Na mabehewa mawili yaliyofungwa pamoja leo hayakukaa pamoja jana. Moja limetoka karakana majuzi, jingine halijaona brashi miaka kumi.

Laiti ningeishia hapo. Mzee alipoondoka, aibu ilinishika nikaamua kuifuta kutu yote usiku uleule. Nilichukua thina, nikaimimina kwenye kitambaa, nikasugua behewa la kwanza kwa nguvu ya mtu anayetaka kusahau. Kutu ilitoka. Rangi ya chini nayo ilitoka, na namba nilizoziandika kwa brashi ya nywele tatu, kisha plastiki yenyewe ikaanza kulainika chini ya kidole changu hadi mstari wa riveti ukawa kama uji. Mtu mwenye akili angelijaribu kwanza mahali pasipoonekana, au angalau angeacha baada ya behewa moja. Mimi nilikuwa nimeishayapaka manane kwa pamoja ili niokoe muda. Manane hayo yalikwisha. Manne yalipona kwa sababu thina iliisha chupani, si kwa sababu nilipata busara. Moja la kutu kamili bado liko juu ya kabati langu, na vijana wa Jumamosi walionyeshwa hilo kabla ya kupewa biskuti.

Basi kila mchirizi mnaoutaka, uonyesheni kwanza unakotoka. Mkianza na vanishi isiyong'aa juu ya rangi ya akriliki, mkaiacha ikauke kabisa, mtaweza kuchakaza kwa rangi ya mafuta na kuifuta kwa tapentaini bila kuigusa rangi ya chini; lakini vanishi ya kupuliza msiipulize wakati wa mvua za masika, kwa sababu unyevu huigeuza ukungu mweupe.

6. Vumbi lina ramani yake. Behewa lililotoka Voi limebeba wekundu wa Tsavo, lililolala uwanda wa Athi limerukiwa na udongo mweusi, na la soda kutoka Magadi lina weupe kwenye mifuniko na pembe za juu. Mtu akitaka kuvitia vyote vitatu kwenye behewa moja, na avitie kwa utaratibu wa safari, cha zamani chini na cha jana juu. Udongo halisi unafaa ukichujwa kwa soksi ya nailoni mara tatu. Ukichujwa mara moja, kila punje itaonekana kama jiwe la ukubwa wa ngumi. Unga wa makaa ya jikoni unatosha kwa masizi, na hauna bei.

Wale vijana wawili nimewatuma makumbusho na daftari, na wameahidi kung'oa bafa. Watarudi Jumamosi ijayo. Nimewaambia wasihangaike kuyapanga mabehewa yao juu ya meza pande nzuri zikinitazama mimi. Wayalaze tu chini juu, magurudumu hewani, maana huko ndiko nitakakoanzia.