Wasomaji Wanauliza: Mkoba wa kazi na dakika 15 mbele ya jopo

SWALI: Shikamooni walimu. Nasomea ualimu wa Kiingereza, niko mwaka wa mwisho. Mkufunzi amenirudishia mkoba wangu wa kazi (portfolio) wenye maandalio ya somo 36, picha na vyeti, akasema hili ni ghala. Nipunguze nini? (Mwanachuo, Nachingwea)

JIBU: Marahaba. Mkufunzi kasema kweli. Maandalio 36 yanaonyesha kwamba ulikwenda BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni), na hilo jopo la wakufunzi litakalokupima linalijua. Linachotafuta ni kama ukiliona kosa la mwanafunzi unajua limetoka wapi na utalifanyia nini.

Chagua masomo matatu: moja lililokwenda vizuri, moja lililoharibika, na moja ulilolirudia baada ya kuharibika. Kila moja liwe na andalio lake, picha ya zana, kazi za wanafunzi watatu (mmoja wa juu, wa kati na wa chini) na tafakuri ya ukurasa mmoja. Mbele weka yaliyomo, azimio la kazi (mpango wa masomo ya muhula) na fomu za tathmini za mkufunzi na za mwalimu mwenyeji, hata zile zenye alama ndogo. Ukizificha, jopo litaziulizia. Vyeti vya semina na picha za mahafali toa. Mwongozo wa chuo ukitaka maandalio yote, yafunge nyuma kama kiambatisho. Majina ya wanafunzi yafunike kabla ya kutoa kopi, na picha za darasani uzitumie kwa ruhusa ya mkuu wa shule.

Wengi huangukia kwenye tafakuri. "Somo lilikwenda vizuri, wanafunzi walifurahia" si tafakuri, ni salamu. Tuseme mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ameandika: "My mother he sell cashew nuts." Mwalimu mwenye haraka atakata kwa wino mwekundu, aandike neno sahihi juu yake, basi. Hebu isome taratibu. Mtoto amewaza "mama yangu anauza korosho", akaiona ile a- ya "anauza" inadai nafasi yake, akaigeuza kuwa "he". Na kwa kuwa a- hiyo, kama ilivyo "yeye", ni ya mama na ya baba pia, hakuona sababu ya kuchagua "she". Kosa la tatu, "sell" isiyo na s, lina mzizi wake: katika Kiswahili nafsi huonekana mwanzoni mwa kitenzi, hivyo mwishoni hapaangalii. Uvivu haumo hapo hata kidogo.

Ukishajua hivyo, marekebisho yanajileta. Andika sentensi kwa maka peni kwenye kipande kirefu cha manila: "My mother sells cashew nuts." Kata kadi ya "She" yenye upana sawasawa na "My mother". Mwanafunzi aibandike JUU ya "My mother", asiiweke pembeni. Macho yake yanaona kwamba kimoja kikiingia kingine kinatoka. Tumia sentensi kama sita, nusu zihusu wanaume, la sivyo watakariri "she" tupu. Kadi ikiwa nyembamba kuliko maneno inayoyafunika, somo linakufa, maana maneno yanachungulia na mtoto anayasoma yote mawili.

Sasa hesabu. Kabla ya kurudia somo, wangapi kati ya waliokusanya madaftari walikuwa na kosa hilo? Baada ya hapo, wangapi? Andika namba za darasa lako kama zilivyo. Waliobaki na kosa ndio utakaoulizwa, kwa hiyo sema umepanga kuwafanyia nini. Tafakuri nzima ni hiyo: kilichotokea, kwa nini, nilibadilisha nini, kikawaje.

SWALI: Nimepewa dakika 15 za kuwasilisha kwa Kiingereza, na umeme huku haueleweki. Nijiandaeje? (Mwanachuo, Mtwara)

JIBU: Usiupitie mkoba mzima. Chukua lile somo ulilolirudia, peke yake. Dakika 2 zieleze darasa: kidato, idadi, vitabu vilivyopo. Dakika 3 zionyeshe kosa, na kazi ya mwanafunzi ionekane. Dakika 5 ulichofanya, ukiwa na zana yenyewe mkononi. Dakika 3 matokeo, na 2 ambacho ungefanya tofauti. Hapo slaidi saba zinatosha, zenye maandishi ya ukubwa wa 28 au zaidi. Ukijaza aya utazisoma, na ukisoma umelipa jopo mgongo.

Kuhusu umeme: slaidi ziweke kwenye flashi kama PDF, maana herufi na mpangilio havitavurugika ukifungua kwenye kompyuta nyingine, kisha toa nakala moja kwa kila mkufunzi. Mambo makuu matatu yaandike kwenye bango kitita (flip chart). Projekta ikizima geukia bango bila kuomba radhi mara tano.

Jirekodi kwa simu mara mbili, dakika zikihesabiwa. Sikiliza irabu zaidi ya kitu kingine. Midomo yetu ya Kiswahili ina irabu tano tu, kwa hiyo "hat", "hut", "heart" na "hurt" hutoka zote "hat", na "live" ikafanana na "leave". Mwalimu wa Kiingereza anayesema mwanafunzi wake "ali-leave Newala" wakati anaishi huko atasahihishwa mbele za watu. Orodhesha maneno kumi utakayoyarudia sana, uyapitie kwenye kamusi yenye sauti.

Swali ambalo halikosi: umejuaje kwamba wameelewa? "Waliitikia yes madam" haitoshi. Onyesha madaftari.

SWALI: Mvua ilinyesha nikiwa njiani, kurasa zikalowa na wino ukachuruzika. Nianze upya? (Mwanachuo, Lindi)

JIBU: Hapana. Zianike kivulini zikiwa zimetenganishwa moja moja, kisha uzitoe kopi. Kazi za wanafunzi usizinakili upya kwa mkono wako, maana mwandiko wa mtoto ndio ushahidi. Bandika ya asili iliyokunjamana, na kopi yake safi nyuma. Siku nyingine, steshenari waambie wakuchapie kwa printa ya leza, kwa sababu wino wa maji ndio unaokimbia. Kila jioni piga picha za kurasa za siku hiyo kwa simu, ujitumie kwenye barua pepe.