Shangazi, tumfungie ndani aache pombe?

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu anakunywa gongo kila siku, huu mwaka wa nane. Sasa ameapa kuacha. Mama mkwe anataka tumfungie chumbani wiki nzima, maana kijana wa jirani aliyekuwa akitumia unga alifungiwa hivyo hivyo akapona. Mwezi uliopita mume wangu alikaa siku mbili bila kunywa, akawa anatetemeka na kutuonyesha sisimizi ukutani ambao hawakuwepo. Tumfungie? – Mama Zai, Tanga*

Marahaba, Mama Zai. Msimfungie. Hao sisimizi ndio walionishtua.

Arosto, yaani mateso ya kuacha unga (heroini), inatesa kweli: miayo, makamasi, viungo kuuma, kutapika, kuharisha. Lakini mtu mzima mwenye afya, akinyweshwa maji ya kutosha, ni nadra kufa kwayo. Pombe ni habari nyingine. Inapooza ubongo, na ubongo uliozoea kupoozwa kila siku hujiongezea kasi ili usilale. Ukiikata ghafla, kasi inabaki bila breki. Kati ya saa 6 na 24 tangu glasi ya mwisho huja kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio. Degedege mara nyingi hutokea ndani ya saa 48 za kwanza. Siku ya pili hadi ya nne ndipo penye hatari kubwa: homa, kuweweseka, kutojua yuko wapi. Hapo watu hufa, na mlango ukiwa na kufuli nani atajua?

Kwa kuwa alishaona visivyokuwepo, aachie pombe hospitali, akiwa amelazwa. Huko kwa kawaida hupewa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, dozi ikipunguzwa kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1. Mlevi asiyekula vizuri huishiwa na vitamini hiyo. Akitundikiwa dripu ya glukosi bila kupewa B1, ubongo unaweza kudhurika, macho yakacheza na miguu ikayumba. Mwambieni daktari waziwazi kwamba ni mnywaji wa kila siku. Wengi huficha kwa aibu, wakasema ana malaria.

Kabla hamjafika huko, asikate ghafla. Asizidishe pia, ale, anywe maji. Diazepamu ya kujinunulia dukani msiiguse: ikikutana na gongo inaweza kuzima pumzi. Na siku yoyote akisema macho yanaona ukungu, msingoje asubuhi, huenda gongo hiyo ina methanoli, aina ya pombe yenye sumu.

Degedege likimkamata, mlaze ubavu, ondoa vitu vya karibu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Kwa kuwa anaacha pombe, hata likikoma lenyewe apelekwe hospitali. Likipita dakika 5 au likirudi, ni mbio.

Mama mkwe usibishane naye. Mpe kazi ya kukaa na mgonjwa wodini, mkipokezana. Nawe andika kwenye karatasi amekunywa kiasi gani kwa siku, glasi ya mwisho ilikuwa saa ngapi, na dawa nyingine anazomeza. Daktari atayauliza hayo, na mgonjwa mwenyewe huenda asikumbuke.