Kabla ya kubadilisha rangi ya seli yako ya jua

Mwalimu mmoja wa fizikia kutoka Nachingwea ameniandikia: seli waliyotengeneza kwa rangi ya rosela inatoa volti 0.1 tu, je, wajaribu mabibo? Mwalimu, mabibo yaache. Maji yake yana sukari nyingi kuliko rangi, na sidhani kama kosa liko kwenye rangi.

Rosela inatosha kabisa kwa kuanzia. Wekundu wake hung'ang'ania titani dioksidi, ule unga mweupe unaopakwa kwenye kioo cha seli, hata ukiisuuza. Kijani cha mchicha hakishiki hivyo. Wanasayansi O'Regan na Grätzel walifikia ufanisi wa karibu asilimia 7 mwaka 1991 kwa rangi ya maabara yenye rutheniamu. Kwa rosela tarajia chini ya asilimia 1, na volti 0.3 hadi 0.5. Ukipata 0.1, rudi kwenye kioo: upande wake mmoja tu ndio unaopitisha umeme.

Weka multimita kwenye omu, gusa pande zote mbili. Upande unaopitisha umeme husoma takriban omu 10 hadi 30. Mwingine hausomi kitu. Wengi wamepaka unga upande usiopitisha, kisha wakailaumu rosela bure.

Unga nao uwe wa anatazi, aina moja ya fuwele za titani dioksidi, chembe za nanomita 20 hadi 30. Ule wa viwanda vya rangi za nyumba mara nyingi ni rutaili, aina nyingine ya fuwele hizo, yenye chembe kubwa, haubebi rangi ya kutosha. Saga gramu 6 kwenye kinu cha kauri, ukiongeza mililita moja moja ya siki nyeupe iliyozimuliwa mara kumi kwa maji ya betri (ya kuongezea, si asidi), mpaka zifike 9 au 10. Nusu saa nzima, bila kuchoka. Mwisho tone moja la sabuni ya vyombo, koroga taratibu. Povu likiingia litaacha matundu. Bandika selotepu safu moja kingoni, vuta uji mara moja kwa kijiti cha kioo. Ukiweka safu nene, itapasuka ikikauka.

Sasa kuchoma, na hapa ndipo seli nyingi hufia: nyuzi 450 kwa nusu saa. Tazama utando: kwanza unageuka kahawia, unafuka moshi kidogo, halafu unarudi kuwa mweupe. Ukiutoa ungali kahawia, chembe hazijashikana, umeme hauna njia. Jiko la mkaa halifai, moto wake haulingani. Acha kioo kipoe taratibu ndani ya tanuri.

Kwetu pwani, Mtwara na Lindi, adui mwingine ni unyevu, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili. Utando uliolala usiku wazi umeshakunywa maji. Upashe tena moto, uutumbukize kwenye rosela ungali na nyuzi 80 hivi, mpaka weupe usionekane upande wowote. Suuza kwa maji, kisha kwa spiriti, ukaushe.

Elektrolaiti, kimiminika cha kupitisha umeme kati ya vioo viwili: gramu 0.83 za potasiamu iodaidi na 0.127 za iodini katika mililita 10 za ethilini glaikoli safi. Ile ya rejeta imechanganywa na maji, na iodini ya vidonda haifai pia. Glaikoli ni sumu, iwekwe mbali na watoto. Kioo cha pili kipake masizi ya mshumaa, bana kwa vibanio vya karatasi, ziba kingo. Waya wa shaba usiguse elektrolaiti, iodini huila.

Tena, usijivunie volti peke yake. Unganisha rezista ya kubadilika, tafuta mahali ambapo volti mara miliampia inakuwa kubwa zaidi. Seli ya sentimita 4 za mraba ikitoa miliwati 1.08 kwenye jua la mchana, lenye takriban miliwati 400 katika eneo hilo, ufanisi ni asilimia 0.27. Pima tena baada ya wiki: mkondo ukishuka, chungulia kingo kwanza. Kama elektrolaiti imekauka, ongeza tone, kisha ziba upya.