Barua kwa mwanangu: kabla hujateremka bondeni

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, baridi tu, na mvua za kwanza zimeanza. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema kazi za ujenzi hapo Mbeya zimepungua, umepata ekari 2 za kukodi bonde la Usangu ulime mpunga msimu huu, na ukaniuliza: "Mama, niteremke na mke wangu na watoto, au niwaache huko juu Matamba? Wewe na baba mliwezaje miaka yote ile?"

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lililonikosesha usingizi. Mwanangu, hatukuweza namna unavyokumbuka wewe. Wewe unakumbuka mwezi wa saba: lori limemaliza kona 57 za kupanda mlima kutoka Chimala, marehemu baba yako anaruka chini na gunia la mchele, tunakula wali siku tatu mfululizo. Yaliyokuwa yanapita kati ya Desemba na Julai hukuyaona, na mimi nilijitahidi usiyaone.

Shida ni kwamba mpunga na mashamba ya huku juu vinataka mtu kwa wakati mmoja. Bondeni kitalu kinamwagwa mvua zikianza, kupandikiza ni Desemba hadi Februari, inafuata palizi, halafu kuamia ndege, ndipo uvune Mei hadi Julai. Huku nako, kwa baridi hii, mahindi yanakaa shambani miezi minane au tisa. Viazi vya Novemba vinataka kung'olewa Februari, Machi. Na katikati ya hayo Januari inaingia, shule zimefunguliwa, sare na madaftari vinadaiwa, ghalani yamebaki madebe mawili ya mahindi, na hela yote ya nyumba imezama kwenye majaruba. Mwezi ambao nyumba inamhitaji baba kuliko yote ndio mwezi asioweza kutoa mguu kwenye tope.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Mwaka 2001 ulikuwa darasa la pili. Baba yako alipoteremka aliniachia kila kitu: jembe, ng'ombe, nyinyi watatu. Ruhusa ya kuuza hakuniachia. Hiyo alimwachia baba yako mkubwa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa ikifanyika, wala hakuwa na nia mbaya. Mwezi wa tatu nikang'oa viazi, magunia 17, nikayashona na kuyapanga kando ya barabara. Mnunuzi akaja na lori. Baba yako mkubwa alikuwa msibani Bulongwa. Simu hazikuwepo. Yule mnunuzi alinisubiri hadi saa saba mchana, akaniambia, "Mama, wenye mzigo ni wengi," akaondoka. Ikanyesha siku nne bila kukatika. Siku ya tano nilipofungua gunia la kwanza mkono ulizama mpaka kwenye kiwiko, na maji meusi yakachuruzika kati ya nyuzi, harufu yake hadi leo naijua. Tuliokoa magunia sita. Mwaka ule ulikwenda shule na sweta la dada yako, na wenzako wakakucheka. Ulinilaumu mimi, nami nikanyamaza.

Baba yako aliporudi hakugomba. Alikwenda akasimama pale yalipokuwa magunia, peke yake, muda mrefu. Msimu uliofuata, kabla hajaondoka, alimwita kaka yake na majirani wawili, akawakalisha sebuleni mbele yangu, akasema: "Mama wa watoto wangu akiuza, nimeuza mimi. Akikopa, nimekopa mimi." Kuanzia siku ile nilipumua. Kazi haikupungua hata kidogo, lakini sikuwa tena mlinzi wa mali ya mtu mwingine.

Ndiyo maana swali lako la kwenda nao au kuwaacha mimi naliona la pili. La kwanza ni hili: ukimwacha mkeo hapa, utamwachia nini? Kama ni mzigo tu, utarudi ukute mtu amechoka na amenyamaza, na kunyamaza kwa mwanamke, mwanangu, usikufurahie. Usimtumie hela kupitia kwa mdogo wako wala kupitia kwangu. Simu anayo, mtumie mwenyewe. Bei ya viazi apange mwenyewe, na akikataa lumbesa, yale magunia ya kujaziwa kupita kipimo, muunge mkono hata kama mnunuzi atakupigia simu kulalamika. Gunia lisizidi kilo 100, sheria ndiyo inasema hivyo.

Kuhusu watoto, wasiteremke Januari. Wanasoma, hilo moja. La pili ni malaria. Huku juu baridi inawafukuza mbu, kwa hiyo watoto wetu wanakua miili yao haijazoea ugonjwa ule, na bondeni wakati wa maji ukiwapata unawapata kwa nguvu. Mdogo wako nilimpeleka akiwa na mwaka mmoja, nikidhani familia kukaa pamoja ni kheri tupu. Nilirudi naye mgongoni anachemka, kona zote 57 nahesabu pumzi zake. Alipona, namshukuru Mungu. Sitaki mkeo apande barabara ile na hesabu kama yangu.

Wapeleke Juni shule zikifungwa. Maji yamepungua, wewe unavuna, na huku umande unaganda usiku mpaka majani ya viazi yanaungua, kazi ya shamba si nyingi. Walale kwenye chandarua. Mtoto akipata joto la mwili apimwe siku hiyo hiyo, usingoje kuche. Waone jasho la baba yao linamwagika wapi. Wewe hukuwahi kuliona la baba yako, ndiyo maana unafikiri mambo yalikwenda yenyewe.

Na wewe mwenyewe uwe unapanda kuja huku juu. Ukimaliza kupandikiza, kabla ya palizi, njoo ulale hata siku tatu. Usiseme utakuja kazi ikipungua, mpunga haupunguzi kazi, unaibadilisha tu. Nisamehe nikisema wazi kama mama: wapo wanaume wa hapa kijijini waliokwenda kwa msimu mmoja wakaanza nyumba nyingine kule kule. Hawakuondoka na nia hiyo. Walichelewa kurudi mara ya kwanza, mara ya pili wakaona aibu, ya tatu hawakuja.

Jumapili ukifika usianzie kwangu. Pita kwako. Mkeo ana hesabu zake, ameziandika nyuma ya daftari la mtoto, nimeziona: mbegu, mbolea, vibarua wawili wa palizi, na bei za viazi za wiki mbili zilizopita. Kaa chini umsikilize mpaka afunge daftari, ndipo mje huku wote. Nitakuwa nimebandika kande.

Mama yako