Nilimwambia "utageuka msichana", naye akaamini

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka mitatu na miezi kadhaa siku niliyomkuta uani kajifunga kanga ya mama yake, mgongoni kabeba gunzi la muhindi, anakwenda huku na huku akilibembeleza lilale. Nilikuwa na wageni wawili. Mmoja akacheka. Nikaona haya, nikapaza sauti: "We, vua hiyo kanga! Unataka kugeuka msichana?" Akaivua pale pale. Gunzi likaanguka, wala hakuliokota.

Nilidhani nimempa somo la kawaida, lile lile nililopewa na wajomba zangu. Baada ya siku chache akaanza kukataa kikombe cha pinki alichokuwa akinywea uji tangu anaanza kunywa. Usiku mama yake akitaka kumfunika kanga, analia kilio cha kweli, si cha kudeka. Ndipo mke wangu, ambaye anafundisha darasa la awali, akaniambia: "Baba watoto, ulikuwa unatania. Mwenzio hakujua."

Akanipa daftari lake la chuoni. Mimi ni seremala, nadharia si kazi yangu, lakini zile kurasa nilizimaliza. Humo nikakutana na mwanasaikolojia Mmarekani, Lawrence Kohlberg, aliyeandika mwaka 1966 kwamba mtoto huielewa jinsia kwa hatua. Kwenye miaka miwili au mitatu anajua kusema "mimi mvulana". Akifika minne hivi anaanza kuelewa kwamba mvulana akikua atakuwa baba, hatakuwa mama. Lakini kwamba mvulana hubaki mvulana hata akivishwa gauni, hilo huchelewa, mara nyingi hadi miaka mitano, sita au saba. Kabla ya hapo anatambua watu kwa mavazi na nywele zao.

Nikakumbuka usiku mmoja umeme ulipokatika. Joto la Tanga mwezi wa pili mnalijua wenyewe. Nikajifunga kanga kiunoni, nikatoka barazani, mtoto akanitazama akasema, "Leo baba mama." Tulicheka hadi majirani wakauliza kuna nini. Kumbe alikuwa anatoa taarifa.

Sasa fikiria, mtoto wa namna hiyo unamwambia atageuka. Kwako ni utani, kwake ni jambo linalowezekana kabisa, na aliyelisema ni baba yake. Ushauri wangu wa kwanza ndio huo: sentensi hiyo iacheni. Kama hutaki achezee kanga kwa sababu ni ya kutokea na atailowesha matope, mwambie hivyo hivyo, ataelewa.

Halafu lile gunzi. Nilikuwa naliona uchafu. Lev Vygotsky, msomi wa Urusi ya Kisovieti aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, aliuchukulia mchezo wa aina hii kuwa jambo kubwa sana. Mtoto akishika fimbo akaiita farasi, ametenganisha kitu na maana yake. Mwanangu anajua kabisa kwamba lile ni gunzi, ukimwambia ni mtoto mchanga wa kweli atakucheka, lakini papo hapo analitunza kama mtoto. Akili hiyo hiyo ndiyo itakayomfanya kesho aone michoro ubaoni asome "ng'ombe", wakati ng'ombe hayupo. Na tazama jinsi anavyojizuia: mtoto ambaye kutulia dakika moja ni vita, akicheza baba na mama anakaa kimya kabisa "mtoto asiamke".

Wakati mwingine huongea peke yake akipanga vifuu vyake: "Hiki hapa, hapana, hiki kikubwa, kwanza hiki." Mama yangu alishtuka, akataka tumpeleke kwa shehe asomewe. Hakuna jini. Vygotsky alieleza kwamba hayo ni mawazo ambayo bado yanapita mdomoni, na mtoto akikua yanaingia ndani yakawa fikra za kimya. Mimi mwenyewe nikipima mbao ngumu hunong'ona namba. Basi ukimsikia, usimnyamazishe. Sikiliza, utajua anafikiri nini.

Kwenye chapati ndipo nilipokuwa nachoka zaidi. Dada yake kapewa nzima, yeye nzima, ya kwake ikikatwa vipande vinne anafurahi kwamba amepewa nyingi. Ya dada ikikatwa na yake isikatwe, ni kilio. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliona jambo la jamii hiyo hiyo kwa maji: ukiyamimina kutoka gilasi pana kwenda nyembamba ndefu, watoto wadogo husema yameongezeka, maana macho yao yameshika urefu. Kumhubiria ni kazi bure. Mimi zote nazikata nne. Mchana namwachia ndoo, makopo na vifuu amimine mwenyewe mpaka achoke. Ua linalowa, basi.

Kosa langu lingine lilikuwa kwa dada yake, na hili hakuna mgeni aliyelicheka, ndiyo maana nilichelewa kuliona. Alipokuwa na miaka mitano alipenda kuja karakana kupanga vipande vya mbao. Nikawa namrudisha ndani, "huku kwa wanaume", akasaidie kuosha vyombo. Mtoto anayepanga na kubomoa anajifunza urefu, uzito, kipi kitabeba kipi. Mimi nauza vitanda kwa elimu hiyo, na binti yangu nilimnyima. Sasa kila Jumamosi naleta vipande nyumbani kwenye kiroba, nimevipiga msasa visichome, na sharti ni moja tu, misumari hapana. Yeye hujenga ghorofa. Mdogo wake aliomba kitanda cha gunzi.

Kumrudisha mtoto mchezoni baada ya kumtisha kulichukua muda kuliko nilivyotegemea. Sikumpa hotuba. Nilianza mchezo wa jioni: najifunga kanga, namuuliza, "Mimi nani?" Anasema, "Mama." Naivua, namuuliza tena. "Baba." Sikumsahihisha, sikumcheka, nilirudia tu siku nyingine. Kaka yangu alinikuta hivyo mara moja, akatikisa kichwa, nikamkaribisha chai.

Mwezi uliopita, ameshatimiza mitano, nikajifunga nikauliza kama kawaida. Akaniangalia kwa muda, akasema, "Wewe baba, umevaa kanga ya mama." Kisha akasogea akaishika ncha. "Na umeifunga vibaya."