Usikanyage ukumbini kabla hujasoma hadithi

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza mambo manne: kama baleti, hadithi inayosimuliwa kwa dansi na muziki jukwaani, inamfaa mgeni, ukae wapi, uvae nini, na kama utachoka. Halafu mwishoni ukagusia kwa kupita tu kwamba unaenda kuona Swan Lake, baleti ya batamaji, na hutaki kusoma hadithi yake "ili isipoteze utamu". Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Mengine yatajipa.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo. Aliyeniambia ni jamaa aliyekuwa ameshahudhuria mara mbili, na kwetu sisi tusiowahi kwenda alionekana mtaalamu. "Usisome chochote, acha ikushtue." Nikamwamini. Nikanunua tiketi mbili za hiyo hiyo Swan Lake, yangu na ya mama, ilikuwa zawadi yake, na kwa makusudi sikufungua hata kile kijitabu tulichopewa mlangoni.

Sasa sikiliza. Kwenye baleti hakuna anayetamka neno. Odette ni binti aliyelogwa na mchawi Rothbart, mchana batamaji, usiku binadamu, na hakombolewi mpaka mwanamume aape kumpenda na asivunje kiapo. Sehemu ya tatu kuna dhifa ikulu. Anaingia mwanamke wa nguo nyeusi. Huyo ni Odile, binti wa mchawi, kafananishwa na Odette ili amlaghai mwanamfalme Siegfried. Lakini kwa kawaida wote wawili wanachezwa na mtu mmoja! Sura ile ile, mwili ule ule. Kama hukusoma, utajuaje?

Mama aliniinamia katikati ya makofi akauliza, "Mbona yule binti kabadilisha nguo?" Nikamjibu kwa uhakika kabisa: "Ni za sherehe mama, wanaoana." Kisha yule wa nguo nyeusi akaanza ile mizunguko 32 juu ya mguu mmoja, ukumbi ukalipuka, na sisi tukapiga makofi kwa furaha, kumbe tunashangilia mtu anayetapeliwa. Siegfried akanyanyua mkono, vidole viwili juu. Nikadhani anasalimia wageni. Kumbe ndicho kiapo chenyewe, kaapa kwa mtu siye! Mara giza, mchawi anacheka, mwanamfalme anakimbia, sehemu ya nne batamaji wote wana huzuni ziwani, na mimi sijui msiba ni wa nani. Mama alinyamaza mpaka tunatoka. Nje akasema, "Wanacheza vizuri mwanangu, ila si mambo yangu haya." Mimi nilikaa miaka 7 bila kurudi. Yeye hajarudi hadi leo, na hilo linaniuma kuliko hela ya tiketi.

Na asije mtu kuniambia sikuwa makini. Nilikodoa macho tangu pazia lilipofunguka. Kukodoa macho hakusaidii kama hujui unatafuta nini. Anayekwambia usisome anaichukulia baleti kama filamu ya upelelezi, ambako ukishamjua muuaji raha imekwisha. Swan Lake ilianza kuchezwa Moscow mwaka 1877. Wengi utakaokaa nao wanaijua mwanzo mwisho, na wamekuja kuona mchezaji wa leo ataisemaje kwa mwili wake. Hata ishara zina maana zake: mikono ikizungushwa juu ya kichwa ni kucheza, mtu akionyesha kidole cha pete ni ndoa, ngumi zikipishana mbele ya mwili ni kifo. Hakuna atakayekutafsiria.

Nilikuja kuelewa nilipokwenda kuona baleti nyingine, Giselle, safari hii nimesoma mpaka mstari wa mwisho. Nilijua kwamba msichana, Giselle mwenyewe, atarukwa na akili akigundua kuwa mpenzi wake Albrecht ni mtu wa ukoo mkubwa na ana mchumba mwingine. Basi mwanzoni, alipochuma ua na kuling'oa petali moja moja akibahatisha kama anapendwa, moyo ulishaanza kunienda mbio. Baadaye, akili imeshamtoka, akarudia kung'oa petali za ua ambalo halimo mkononi. Nililia. Nisingesoma, ningeona msichana anachezesha vidole.

Kwa hiyo soma, tena soma muhtasari wa kundi lenyewe unalokwenda kuliona, kwa sababu miisho ya Swan Lake hutofautiana: kwingine wapenzi wanazama ziwani, kwingine wanamshinda mchawi. Kisha msimulie mtu bila kuchungulia. Ukikwama, rudi usome tena. Na kama unakwenda na mtu, msimulie yeye kabla hamjafika mlangoni, usimfanyie nilichomfanyia mama.

Viti: juu kidogo, katikati, maana ukiwa mstari wa kwanza ile mistari ya batamaji huioni inavyojipanga. Fika mapema, ukichelewa unaweza kuzuiwa nje mpaka mapumziko.

Halafu ukifika sehemu ya tatu, yule wa nguo nyeusi akiwa anamlegeza mwanamfalme, mwache kidogo, tazama nyuma ya jukwaa. Matoleo mengi humleta Odette wa kweli dirishani kwa muda mfupi tu, anapigapiga mabawa akijaribu kumwonya Siegfried, naye hamwoni. Mimi na mama pia hatukumwona.